Vitu Vinapoachana: Namna ya Kuitumia Kanuni ya Kuhifadhika kwa Momenta

Katika maswali ya mekanika yanayowakabili wanafunzi wa sekondari na vyuo, lipo kundi moja linalotambulika kwa urahisi: mwanzoni kitu ni kimoja, au vitu viwili vimeshikana na kwenda pamoja, kisha vinaachana ghafla, na mtahiniwa anatakiwa aeleze kila kipande kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Bunduki inayofyatuliwa, mvuvi anayeruka kutoka mtumbwini, fataki inayopasuka angani na kiini cha atomu kinachotoa chembe, vyote ni vya kundi hilo. Ugumu wa maswali haya hauko katika hesabu yenyewe, kwa kuwa mlinganyo huwa wa mstari mmoja na hautaki zaidi ya kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Ugumu uko katika maamuzi yanayoutangulia mlinganyo, yaani ni vitu gani vihesabiwe, ni muda gani uangaliwe, ni upande gani uitwe chanya, na kasi iliyotajwa katika swali imepimwa na nani. Na ni katika maamuzi hayo ambapo alama nyingi hupotea.

Momenta ya kitu ni zao la tungamo yake, ambayo ni kiasi cha maada kilichomo ndani yake, na velositi yake, ambayo ni kasi ikiwa pamoja na mwelekeo. Maneno haya ya mwisho, “pamoja na mwelekeo”, yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1644, alidai kwamba jumla ya mwendo ulimwenguni haibadiliki, lakini aliupima mwendo huo kwa ukubwa wa kitu na kasi yake tu, pasipo kujali kinakwenda upande gani, na kwa sababu hiyo kanuni zake za migongano zilipingana na yale yaliyoonekana kwa macho. Jumuiya ya Kifalme ya London ilipolishughulikia suala hilo mwaka 1668 na 1669, majibu yaliyotoka kwa John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens yalidhihirisha kwamba kinachohifadhika ni jumla inayozingatia mwelekeo, ambamo mwendo wa kulia na mwendo wa kushoto hupunguzana badala ya kujumlishana. Mwanafunzi anayesahau alama ya hasi katika karatasi yake anarudia, bila kujua, kosa la Descartes.

Sababu ya momenta kuhifadhika inatokana na sheria ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inayosema kwamba kitu kimoja kikikisukuma kingine, nacho husukumwa na hicho kingine kwa kani iliyo sawa na yenye mwelekeo wa kinyume. Kwa kuwa kani hizo mbili hudumu kwa muda uleule, kile ambacho kitu kimoja kinapata, kingine kinakipoteza, na jumla inabaki kama ilivyokuwa. Hata hivyo hoja hii inasimama kwa sharti moja, kwamba vitu vyote viwili vimo ndani ya hesabu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya utatuzi ni kuuwekea mfumo mipaka: mtatuzi aorodheshe vitu vinavyosukumana wakati wa kuachana, avizungushie mstari katika mchoro, na kila kani inayotoka nje ya mstari huo aiite kani ya nje. Bunduki peke yake haihifadhi momenta, wala risasi peke yake haihifadhi. Zikiwa pamoja ndipo jumla yao inapohifadhika.

Kani za nje hazikosekani kamwe katika maisha ya kawaida, kwani dunia inavuta, hewa inazuia, ardhi inashikilia. Swali si kama zipo, bali kama zinapata nafasi ya kufanya jambo la maana katika muda unaohusika. Badiliko la momenta linaloletwa na kani ni zao la kani hiyo na muda wake, ambalo huitwa msukumo, na kwa kuwa vitu vingi huachana katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kani za nje za kawaida hazipati muda wa kuleta msukumo wa kuhesabika. Kutokana na hilo, ushauri unaofaa kushikwa ni kwamba picha ya “kabla” ichorwe mara tu kabla ya vitu kuachana, na picha ya “baada” ichorwe mara tu vinapoachana, si sekunde tano baadaye wakati msuguano na mvutano wa dunia vimekwisha kufanya kazi yao. Swali likitaka kujua kipande kilianguka umbali gani, hiyo ni hesabu nyingine inayoanza pale hesabu ya momenta inapoishia, na kuzichanganya mbili hizo katika mlinganyo mmoja huleta mkorogo ambao hata msahihishaji mwenye huruma hawezi kuufuatilia.

Mfano wa bunduki umezoeleka mno, pengine kupita inavyostahili, kwa hiyo utapitiwa kwa haraka. Risasi ya gramu 8, yaani kilogramu 0.008, inatoka katika bunduki ya kilogramu 4 kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde. Kabla ya kufyatua, momenta ya jumla ni sifuri. Baada ya kufyatua, risasi ina momenta ya kilogramu mita 5.6 kwa sekunde kuelekea mbele, kwa hiyo bunduki lazima iwe na 5.6 kuelekea nyuma, na ukigawanya kwa 4 unapata mita 1.4 kwa sekunde. Bega la mpigaji ni kani ya nje, lakini risasi hupita ndani ya mtutu kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya bega huja baadaye, ya kuisimamisha bunduki ambayo tayari inarudi nyuma. Inafaa kuongeza kwamba bunduki halisi hurudi kwa kasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu gesi ya baruti nayo ina tungamo na hutoka kwa kasi kubwa kupitia mdomo wa mtutu. Vitabu vingi vya shule huinyamazia gesi hiyo, na si vibaya, mradi mwanafunzi ajue kwamba amenyamaziwa kitu.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni ule wa mtumbwi, kwa kuwa ndani yake umo mtego unaowanasa hata wale wanaodhani wameielewa kanuni. Tuseme mtumbwi wa kilogramu 150 unaelea kuelekea gatini kwa kasi ya mita 0.7 kwa sekunde, makasia yakiwa yameinuliwa, na ndani yake amesimama mvuvi wa kilogramu 60. Mvuvi anaruka mbele kuelekea gati, na swali linasema kwamba anauacha mtumbwi kwa kasi ya mita 2.8 kwa sekunde ikilinganishwa na mtumbwi wenyewe. Mtumbwi unakuwa na velositi gani?

Kwanza mipaka. Mfumo ni mvuvi na mtumbwi. Maji yanausukuma mtumbwi juu, dunia inawavuta wote wawili chini, na kani hizi ni za wima. Kwa wima momenta haihifadhiki, kwa sababu mvuvi anapojisukuma, mtumbwi hukandamizwa majini na maji hujibu kwa kuongeza kani yao. Lakini momenta ni vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, na kila mwelekeo una hesabu yake isiyoingiliana na mwingine. Kwa mlalo, kani ya nje iliyopo ni ukinzani wa maji, ambao kwa mtumbwi uendao polepole ni mdogo, na kwa muda mfupi wa kuruka hauleti msukumo mkubwa. Basi hesabu ifanywe kwa mlalo peke yake, na upande wa gati uitwe chanya.

Momenta ya awali ni jumla ya kilogramu 210 mara 0.7, yaani 147. Sasa linakuja suala la mita 2.8. Mlinganyo wa kuhifadhika kwa momenta hautumiki kwa velositi zilizopimwa na watazamaji tofauti. Velositi zote zinazoingia ndani yake lazima ziwe zimepimwa na mtazamaji mmoja, na hapa aliye mwepesi kutumika ni yule aliyesimama gatini. Kwa mtazamaji huyo, mvuvi haendi kwa 2.8, kwa sababu namba hiyo inaeleza tu jinsi mvuvi na mtumbwi wanavyoachana. Velositi ya mtumbwi baada ya kuruka ikiitwa v, velositi ya mvuvi kwa mtu wa gatini ni v kujumlisha 2.8. Mlinganyo unakuwa 150 mara v, kujumlisha 60 mara (v + 2.8), sawa na 147, ukifungua mabano, 210v kujumlisha 168 ni sawa na 147, na v inakuwa hasi 0.1. Mtumbwi uliokuwa unakwenda mbele sasa unarudi nyuma kwa mita 0.1 kwa sekunde, na mvuvi anakwenda mbele kwa mita 2.7.

Makosa mawili hutokea hapa, na la pili ni la hila kuliko la kwanza. La kwanza ni kuichukua 2.8 kana kwamba imepimwa kutoka gatini, na matokeo yake ni hasi 0.14. La pili ni la mwanafunzi anayejua kwamba velositi lazima ijumlishwe na ya mtumbwi, lakini anaijumlisha na velositi ya zamani: 0.7 kujumlisha 2.8 ni 3.5, kwa hiyo mvuvi anapewa momenta ya 210, na mtumbwi unabaki na hasi 63, yaani velositi ya hasi 0.42. Kosa lake ni kusahau kwamba mtumbwi hausubiri mvuvi amalize kuruka ndipo ubadili mwendo. Tangu nyayo zinapoanza kuusukuma, velositi yake inapungua, na wakati nyayo zinapouacha, ile 0.7 haipo tena. Kasi ya kuachana ni tofauti ya velositi mbili za wakati uleule, na wakati huo ni wa baada. Watunga mitihani wengine huandika “kasi ikilinganishwa na mtumbwi” bila kusema ni mtumbwi wa kabla au wa baada, na hilo ni kasoro ya swali. Mtahiniwa akikuta swali la namna hiyo, na achukue maana ya baada, kisha aandike wazi katika karatasi kwamba ndivyo alivyolielewa.

Kutoka hapo swali la nishati halikwepeki, kwa sababu wapo wanaojaribu kuandika mlinganyo wa pili wakidai kwamba nishati mwendo, yaani nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu kinakwenda, nayo imebaki ileile. Katika vitu vinavyoachana kwa kusukumana haiwezi kubaki ileile. Kabla ya kuruka, mvuvi na mtumbwi walikuwa na jouli 51 na kidogo. Baada ya kuruka, mvuvi ana takriban jouli 219 na mtumbwi hana hata jouli moja kamili. Jouli 168 zilizoongezeka zimetoka katika misuli ya mvuvi, hatimaye katika chakula chake. Katika bunduki zinatoka katika baruti, katika vigari vya maabara zinatoka katika springi iliyokuwa imebanwa. Mlinganyo wa nishati unaweza kuandikwa, na mara nyingine ndio unaolikamilisha swali, lakini ni lazima uwe na nafasi ya nishati iliyofunguliwa: nishati mwendo ya mwisho ni sawa na ya mwanzo kujumlisha ile iliyotoka katika springi, baruti au misuli. Momenta haihitaji nyongeza hiyo, na hapo ndipo faida yake ilipo, kwani inatuwezesha kuhesabu matokeo ya mlipuko bila kujua chochote kuhusu kemia ya mlipuko.

Namna nishati hiyo inavyogawanywa huwashangaza wengi. Kitu kilichokuwa kimetulia kikipasuka vipande viwili, momenta za vipande ni sawa kwa ukubwa, lakini nishati mwendo zinagawanyika kinyume na tungamo: kipande chepesi huchukua fungu kubwa. Risasi iliyotajwa ilipata jouli 1,960, ilhali bunduki iliyo nzito mara 500 kuliko risasi ilipata chini ya jouli 4, ambayo ni sehemu moja ya 500. Urari huohuo unatawala hata ndani ya atomu. Kiini cha urani-238 kinapotoa chembe ya alfa na kugeuka kuwa thori-234, nishati inayofunguliwa ni takriban elektronivolti milioni 4.27, na kwa kuwa tungamo zinazoachana zina uwiano wa karibu 4 kwa 234, chembe ya alfa hutoka na takriban milioni 4.20, huku thori ikibaki na milioni 0.07 tu. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu bunduki anaweza kuhesabu hili kwa mlinganyo uleule, bila kujifunza kanuni mpya.

Vipande vinapokuwa vitatu hali hubadilika. Vikiwa viwili tu na mwanzo wake ni utulivu, lazima viende katika mstari mmoja, kila kimoja upande wake, na kiasi cha nishati kikijulikana kasi zao zimekwisha kuamuliwa. Vikiwa vitatu, vina uhuru wa kugawana kwa namna nyingi, na hapo swali lazima litoe habari zaidi. Tofauti hii iliwahi kuwa na uzito mkubwa katika historia ya fizikia. James Chadwick alionyesha mwaka 1914 kwamba elektroni zinazotoka katika mnururisho wa beta hazina nishati moja maalumu kama zilivyo chembe za alfa, bali zina nishati za kila kiwango hadi kikomo fulani, jambo ambalo haliwezekani kama vipande ni viwili tu. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli akapendekeza kwamba kipo kipande cha tatu kisichoonekana, ambacho leo huitwa nyutrino, na mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines wakathibitisha kuwa kipo. Ushauri unaotoka humo ni wa kawaida kabisa: momenta zisipolingana, mtatuzi asikimbilie kuilaumu kanuni, ahesabu upya vipande.

Kwa vipande vinavyotawanyika katika pande tofauti, njia ni kutumia mihimili miwili iliyo mraba na kuandika mlinganyo mmoja kwa kila mhimili. Fataki ya gramu 650 imerushwa wima, na inapofika kileleni, ambapo imetulia kwa nukta moja, inapasuka vipande vitatu. Kipande cha gramu 200 kinakwenda mashariki kwa mita 12 kwa sekunde, na cha gramu 300 kinakwenda kaskazini kwa mita 6. Kwenye mhimili wa mashariki na magharibi kuna 2.4 upande wa mashariki, kwa hiyo kipande cha tatu lazima kiwe na 2.4 kuelekea magharibi. Kwenye mhimili wa kaskazini na kusini lazima kiwe na 1.8 kuelekea kusini. Kwa nadharia ya Pythagoras, momenta yake ni 3.0, na kwa kuwa tungamo yake ni gramu 150, kasi yake ni mita 20 kwa sekunde, ikielekea magharibi na kushuka kusini kwa nyuzi zipatazo 37. Mlipuko ukichukua sehemu moja ya elfu ya sekunde, mvutano wa dunia utaongeza momenta ya takriban 0.006 tu kwa chini, kiasi kisichostahili kuingizwa mbele ya 2.4 na 1.8. Kosa la mara kwa mara hapa ni kujumlisha 2.4 na 1.8 moja kwa moja kupata 4.2, kana kwamba mashariki na kaskazini ni njia moja.

Roketi nayo ni kitu kinachoachana na sehemu yake, ila huachana mfululizo badala ya mara moja, na kwa sababu hiyo mlinganyo wa hatua moja haufai; kila tone la gesi linalotoka linaiacha roketi ikiwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa tone lililotangulia, na kujumlisha hatua hizo ndogondogo ndiko kunakoleta mlinganyo uliochapishwa na Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Katika swali la kawaida la mtihani inatosha kukumbuka kwamba roketi husukumwa na gesi inayoitupa, wala haisukumwi na hewa iliyo nyuma yake. Waliokosea kuhusu hilo hawakuwa wanafunzi peke yao: gazeti la The New York Times lilimkejeli Robert Goddard mwaka 1920 kwa kuamini kwamba roketi inaweza kufanya kazi pasipo na hewa, na likasahihisha kauli hiyo Julai 1969, wakati chombo cha Apollo 11 kikiwa njiani kwenda mwezini.

Lililobaki ni uhakiki wa jibu, ambao wengi huuacha kwa kisingizio cha muda ingawa hauchukui hata dakika mbili. Hakiki ya kwanza ni ya jumla: velositi zilizopatikana zirudishwe katika mlinganyo, na katika mtumbwi, 60 mara 2.7 ni 162, ukitoa 15 ya mtumbwi unapata 147, kama mwanzo. Lakini hakiki hii haitoshi, kwani hata jibu potofu la 3.5 na hasi 0.42 linaipita, kwa kuwa nalo lilitokana na mlinganyo uleule wa momenta. Hakiki ya pili ni ya tofauti: velositi ya mvuvi ukitoa ya mtumbwi lazima irudishe kasi ya kuachana iliyotolewa katika swali. Kwa jibu sahihi, 2.7 ukitoa hasi 0.1 ni 2.8; kwa jibu potofu, 3.5 ukitoa hasi 0.42 ni 3.92, na kosa linajitokeza lenyewe. Anayetaka hakiki ya tatu anaweza kujiweka mahali pa mtazamaji anayekwenda sambamba na kitovu cha tungamo, ambacho kwa kuwa hakuna kani ya nje ya maana kinaendelea kwa mita 0.7 ileile kana kwamba hakuna aliyeruka. Kwa mtazamaji huyo mtumbwi unarudi nyuma kwa 0.8 na mvuvi anakwenda mbele kwa 2.0, na 150 mara 0.8 ni sawa na 60 mara 2.0. Jibu likishapita hakiki hizo, liandikwe pamoja na vizio na mwelekeo wake kwa maneno: mtumbwi, mita 0.1 kwa sekunde, kuelekea mbali na gati.